Bunduki ya Mzee na Mahindi ya Mama

Vitu vingi nilivyo navyo nyumbani nilivinunua vikiwa vimekwisha kutumiwa na wengine. Friji ilitoka Dubai ikiwa na mkwaruzo mlangoni, baiskeli niliipata Mwembe Tayari, na viatu ninavyoendea kazini ni mtumba wa Kongowea ambao bila shaka ulitembea Ulaya kabla ya kutembea Shimanzi. Mtu wa mshahara mdogo hana sababu ya kuona haya kwa hilo. Lakini mapema mwaka jana niliuziwa kitu kilichotumika ambacho kilinikosesha usingizi kwa muda wa miezi mitatu. Kitu chenyewe ni bunduki ya kuwindia.

Msomaji mpenzi, usinidhanie vibaya. Sikufuatwa kichochoroni usiku na mtu aliyejifunika uso. Bunduki hiyo ina cheti, ina nambari, na mwenyewe anajulikana na serikali. Ni mzee mmoja wa Mji wa Kale, mwenye godauni ambamo chai ya wateja wetu hulala kabla ya kupelekwa melini. Ofisini kwake, nyuma ya mlango ambao makarani wote tuliudhania kuwa wa stoo, pana sefu ya chuma iliyojengewa ukutani kwa saruji. Nimefanya kazi katika godauni hilo miaka 19 bila kujua kilichomo.

"Mwanangu," aliniambia siku aliyoniita, "mimi nazeeka na hii nayo yazeeka. Watoto wangu wako Maskati, mmoja yuko Toronto, na hakuna hata mmoja anayeitaka. Nikifa nayo nitawaachia watu wa nyumbani mtihani. Wewe ni mtu wa Kwale, mna shamba. Nenda ukatafute kibali, ukikipata nitakupa kwa bei ya kindugu."

Bei ya kindugu ilikuwa Sh150,000. Kwangu mimi hizo ni zaidi ya karo ya miaka miwili ya binti yangu aliye kidato cha pili, na zingetoka katika mkopo wa ushirika. Hata hivyo sikucheka wala sikumwambia hapana. Nilimwambia, "Nipe muda, ami, nifikiri."

Sababu ya kufikiri ni shamba la mama. Liko Kwale, upande unaopakana na msitu wa Shimba Hills, na kila anayelima upande ule anajua kwamba anapanda kwa ajili ya wengi. Tembo huja mara chache, lakini akija ni kama kimbunga. Wasumbufu wa kila siku ni nyani na nguruwe mwitu. Nguruwe huja usiku na kuifukua mihogo vizuri kuliko mtu mwenye jembe. Nyani huja mchana kweupe, tena kwa ukoo mzima, wazee na watoto, na wala hawali kama wezi wenye haraka. Hula kama wakaguzi: huvunja gunzi hili wakalionja, wakalitupa, wakavunja la pili. Katika uhai wa baba shamba lile lilitoa magunia manane msimu wa masika. Msimu uliotangulia maneno haya ya bunduki, mama alivuna mawili na nusu.

Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye anayekaa na mama, aliposikia habari hii karibu arushe kofia. "Kaka, nyani anamjua mtu," alinieleza kwa simu. "Anamjua mwanamke na anamjua mwanamume, anamjua mwenye jiwe na anamjua mwenye bunduki. Ukimwangusha mmoja tu, wengine watahamia kwa jirani." Kuhusu jirani naye atafanyaje, hakusema.

Basi siku moja jioni, wafungaji chai walipokwisha kuondoka, mzee aliifungua sefu. Niliambatana na jamaa yangu aliyestaafu kutoka kazi ya uaskari wa wanyamapori, mtu anayezijua silaha. Ilikuwa bunduki ya kazi, si ya mapambo. Kipimo chake ni .375, kile ambacho kampuni ya Holland & Holland ya London ilikitoa mwaka wa 1912, na ambacho wasasi wa Afrika Mashariki walikipenda kwa kuwa kilimtosha swala na kilimtosha nyati pia. Kitako chake cha mti kilikuwa cheusi pale mkono unaposhika, kwa jasho la miaka. Nilipoipokea nilishangaa ilivyokuwa nzito, kama mtoto mchanga aliyenona.

Jamaa yangu hakuijali sura. Alivuta komeo, akahakikisha haina kitu, kisha akamulika tochi upande wa nyuma na kuchungulia mdomoni mwa mtutu. Ndani ya mtutu wa bunduki kama hiyo mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, na hiyo ndiyo inayoifanya risasi izunguke na kwenda moja kwa moja. Mifereji ilikuwapo, lakini karibu na mahali pa kutilia risasi palikuwa na vijishimo vya kutu. Risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya chuma, na bunduki isiposafishwa siku ileile kutu huanza. Tena hii imeishi Mombasa, ambako hewa ya bahari hula hata bawaba za milango. "Italia," alisema jamaa yangu, "lakini shabaha yake siidhamini." Ndani ya sefu mlikuwa na risasi 11 zilizobaki, na umri wake hata mzee mwenyewe hakuukumbuka. Alizisukuma kando kwa kalamu, kama mtu anayemsukuma nge.

Kisha akasema neno ambalo lilinifanya niione ile bunduki kwa jicho jingine. Risasi ya kiasi hicho, iliyoundwa kumwangusha nyati, haisimami ndani ya nyani. Humpita na kuendelea na safari yake, na safari hiyo yaweza kuzidi kilomita moja. Mashamba yetu kule yameshikana, na nyumba nyingi kuta zake ni za udongo. "Ukimkosa nyani," alisema, "risasi haikosi pa kwenda."

Mzee alitusikiliza bila kukasirika. Nadhani alifurahi tu kwamba kuna watu wanaoizungumzia. Tulikaa hadi magharibi akitusimulia. Zamani hizo nchi ilikuwa imegawanywa katika maeneo ya uwindaji. Mtu alichukua leseni, akaweka nafasi ya eneo lake, akalipia kila mnyama kwa bei yake. Yeye na wenzake wa Mji wa Kale walikwenda upande wa Galana na Mto Tana wakiwa na mchele, tende, na visu vilivyonolewa vikali. Visu ndivyo vilivyonivutia. Alieleza kwamba Mwislamu mwenye bunduki ana kazi mbili: hupiga Bismillahi kabla ya kufyatua, kisha hukimbia kama mwendawazimu amwahi mnyama angali hai apate kumchinja. Ati safari moja walibishana usiku kucha, wali unapoa, kama yule pofu alichinjwa akiwa na roho au la. Mmoja wao alikula wali mkavu siku tatu kwa sababu ya shaka. Katika yote aliyotuambia jioni ile, hayo ndiyo niliyoyapenda zaidi, kwa kuwa wale walikuwa watu waliokubali kulala njaa kuliko kula kwa mashaka.

Mwezi wa Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini Kenya. Mzee alikuwa kijana aliyekwisha kujiandaa kwa safari nyingine. Aliisafisha bunduki, akaipaka mafuta, akaifungia. Tangu siku hiyo haijalia.

"Mbona hukuiuza wakati ule?" nilimwuliza.

"Nilidhani watafungua mwakani," alijibu.

Hicho "mwakani" kimekwenda karibu nusu karne. Na si kwamba alikuwa akiota ndoto tupu. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao wengi waliona ungeurudisha uwindaji wa kulipia, lakini Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Huko Tanzania waliufunga uwindaji mwaka wa 1973, wakaufungua tena 1978, na hadi leo wageni hulipa fedha nyingi kwenda kuwinda huko. Kwa maneno mengine, bunduki iliyofungiwa Shimanzi ingekuwa upande wa pili wa Lungalunga ingeweza kuwa na kazi. Wala sisemi marufuku yetu iliponya kila kitu. Yakadiriwa Kenya ilikuwa na tembo 167,000 mwaka wa 1973, na kufikia 1989 walibaki yapata 16,000, ingawa mwindaji mwenye leseni alikuwa amekwisha kuondolewa msituni zaidi ya miaka kumi. Jangili hakusubiri leseni. Nilimwambia mzee hivyo, akainua mikono kama mtu aliyeshinda kesi baada ya mawakili kufa.

Tangu jioni hiyo nikawa naitazama reli ya zamani, ile inayopita huku kwetu kwenda Kilindini, kwa namna nyingine. Njia hiyo, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, imebeba bunduki nyingi za uwindaji. Theodore Roosevelt alishuka hapa Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais wa Marekani, akapanda treni kwenda bara akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini ili aone wanyama vizuri. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo.

Lakini aliyenishughulisha zaidi ni Mwingereza J. H. Patterson, yule mjenzi wa daraja la Tsavo aliyewaua simba wala watu Desemba 1898. Watu humkumbuka kwa ushindi wake, na simba wenyewe hadi leo wamesimama katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Wachache hukumbuka kisa alichokisimulia mwenyewe, kwamba siku moja aliacha bunduki yake na kuchukua ya rafiki yake daktari kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi. Simba alipojitokeza akavuta kifyatulio, nayo ikagoma. Kwa kufadhaika akasahau kwamba ilikuwa na mtutu wa pili. Simba hakumrukia, kwa bahati yake, kwani kelele za watu zilimfanya asite na kugeukia kando. Kisa hiki nilimsimulia mke wangu tukiwa tunakula.

"Na yeye alikuwa mwanajeshi," alisema. "Wewe, Baba Mwanasha, ni karani wa chai. Halafu utaiweka wapi? Chini ya kitanda, pamoja na mabegi?"

Swali la kuiweka wapi halikuwa la mzaha. Sisi tunakaa Chaani, vyumba viwili na watoto watatu. Nilikwenda kuuliza utaratibu, na nilielezwa kwa upole. Cheti cha bunduki ni cha mtu na silaha iliyotajwa ndani yake, pamoja na idadi ya risasi. Hakiuzwi pamoja na bunduki kama kasha la redio. Mnunuzi huomba chake kwanza, na huchunguzwa yeye mwenyewe na mahali atakapoihifadhi. Mwaka wa 2018 hata wamiliki wa zamani, mzee wetu akiwa mmojawapo, walitakiwa wafike na kuhakikiwa upya. Tena sheria yataka mwombaji awe na sababu ya kuridhisha.

Nilichukua karatasi nikaandika sababu zangu. Ya kwanza, kuwinda. Nikaikata kwa kalamu, kwa kuwa hilo ni kosa. Ya pili, kulinda mahindi. Hapo nilikaa muda mrefu. Mnyama akileta uharibifu, kazi ya kumfukuza au kumwua ni ya askari wa KWS, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka hata fidia, Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha yake. Mama hana haja na milioni tano za aina hiyo, anataka ugali. Lakini nikijiona mbele ya meza ya afisa nikisema nahitaji silaha ya nyati kwa ajili ya nyani, nilikuwa natoka jasho. Ya tatu, kujilinda. Chaani, katika chumba cha futi kumi kwa kumi, na bunduki ya urefu wa zaidi ya mita moja! Hata kuigeuza mlangoni ingekuwa kazi.

Hata hivyo sikuwa nimekata shauri. Kilichobaki ni kumsikia mama.

Nilivuka Likoni Jumapili moja asubuhi, nikapanda matatu hadi Kwale. Nilimkuta anapepeta kunde. Nilimweleza yote, bei, cheti, kutu na risasi, naye hakuinua macho hadi nilipomaliza.

"Mwanangu," alisema, "wewe wakumbuka mwaka wa Likoni?"

Nani asiyeukumbuka? Usiku wa Agosti 13, 1997, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki, na machafuko yaliyofuata yaliwaua watu wengi na kuwafukuza maelfu makwao. Baadaye ukaja msako wa silaha huku kwetu, na kijana yeyote wa Kwale alilala msituni kwa hofu. Mimi mwenyewe nilikaa wiki kadhaa bila kuvuka kivuko.

"Walikuja watu humu," mama aliendelea, "wakatafuta bunduki hata ndani ya mtungi wa maji. Hawakuipata kwa sababu haikuwapo. Sasa wewe wataka kuniletea itakayopatikana?"

Nilimkumbusha kwamba hii ingekuwa na cheti.

"Cheti utakuwa nacho wewe, huko Mombasa. Mimi nitakuwa na nini? Tena habari ya bunduki haiwafikii nyani. Watakaoisikia ni watu."

Ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni. Naye hakuwa mpumbavu, na alichosema ni kweli tupu. "Mama, kaka analala Changamwe, na wewe unalala ndani. Mimi ndiye ninayelala dunguni, mvua yangu, mbu wangu. Juzi nguruwe alinipita hapa na hapa. Mnaniambia nini?"

Hakuna aliyemjibu. Nilitoka nikaenda shambani nikapanda lile dungu lake, vijiti vinne na makuti yaliyooza upande mmoja. Chini palikuwa na kopo la kupiga kelele, rundo la mawe, na majivu. Hapo ndipo nilipoona hesabu ilivyokaa. Shamba lilikuwa na mtu mmoja akifanya zamu ya watu watatu, na mimi nilitaka kupeleka Sh150,000 za chuma ili wengine tuendelee kulala. Kama ningenunua, bado angelazimika kulala palepale, safari hii akiwa na kitu kinachoweza kumfunga jela au kumwua mtoto wa jirani.

Nilizungumza naye jioni hiyo habari ya nyuki. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima hutundika mizinga kuzunguka mashamba kwa kuwa tembo humwogopa nyuki. Alicheka. "Nyani atakula mahindi, halafu atakula asali." Upande wa Mwaluganje wenyeji walitenga ardhi yao kwa ajili ya tembo miaka ya 1990 na kufikia kutengeneza karatasi kwa mavi yake, lakini sisi ekari zetu ni tatu, hatuna cha kumtengea mtu. Tukabaki na mambo ya kawaida, seng'enge, dungu jipya, mbwa, na vijana wawili wa kulipwa kuanzia mahindi yakianza kubeba hadi kuvunwa. Nilichukua mkopo wa ushirika, mdogo zaidi, Sh40,000.

Mzee nilimjibu Jumatatu. Hakunishawishi. Wiki tatu baadaye aliniomba nimsindikize, akaisalimisha bunduki kituoni pamoja na zile risasi 11. Aliuliza kama anaweza kuipangusa kwa kitambaa cha mafuta kabla ya kuitia sahihi, akaruhusiwa. Alipewa karatasi ya kupokelewa, akaisoma mara mbili, akaikunja. Njiani kurudi Shimanzi alizungumzia bei ya mchele.

Masika yaliyopita mama alivuna magunia matano. Nyani wapo, na mistari yote ya karibu na mwembe waliimaliza wao. Ndugu yangu alikaa muda akinijibu simu kwa neno mojamoja. Juzi alinipigia mwenyewe. Bunduki hakuitaja. Anataka tochi ya kufunga kichwani na mbwa wa pili, kwa sababu huyu wa kwanza siku hizi akimsikia nguruwe anaingia ndani kwa mama.